Kusafiri na Watoto Wadogo: Twende kwa Mwendo wa Aliye Mdogo



Katika mfululizo wetu wa masomo ya familia, robo hii tunaleta somo ambalo akina mama wamekuwa wakilidai katika semina za malezi: namna ya kusafiri na watoto wadogo. Tumelileta mapema ili kamati zipate nafasi ya kulifundisha kabla ya safari za mwisho wa mwaka.

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hujaa familia zinazokwenda nyumbani. Wachagga hutaniwa, na wenyewe hujitania, kwamba wanakwenda "kuhesabiwa". Wapare na Wasambaa wamo barabarani humo humo, na safari za Bukoba, Mbeya na Songea nazo zina watu wake. Katika mabasi hayo wamo watoto ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri, hawajui mwisho wa safari uko wapi, na wengine hawawezi hata kusema wanaumwa wapi.

Lengo la somo ni moja: kuisaidia familia ipange safari kwa kumwangalia kwanza aliye mdogo, badala ya kupanga kwa kumwangalia mkubwa na kumbeba mdogo kama sehemu ya mizigo.

1. Neno la kuanzia

Tusome Mwanzo 33:12-14. Esau amekutana na ndugu yake Yakobo baada ya miaka mingi. Ana watu mia nne, wote wazima wenye nguvu, naye anataka waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anaeleza kwamba watoto wake ni wachanga na mifugo yake inanyonyesha, na kwamba mifugo ikikimbizwa hata siku moja tu itakufa yote. Anamwomba Esau atangulie, naye atafuata polepole, kadiri mifugo na watoto watakavyoweza.

Huenda Yakobo alikuwa na hofu nyingine moyoni kuhusu kaka yake. Lakini hesabu aliyoifanya ni ya mchungaji na ya mzazi: mwendo wa kundi hupimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote. Aidha, alikuwa tayari kumwambia kaka yake, mbele ya watu mia nne, kwamba hataweza kwenda nao. Wazazi wengi wa leo wanajua kwamba mtoto hawezi mwendo fulani, ila wanaona aibu kuwaambia wakubwa wa ukoo.

2. Tuhesabu saa za mtoto, si saa za basi

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550. Mwendo wa juu wa basi kisheria ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni kilomita 50. Basi linalofuata sheria, hata lisiposimama mahali popote, haliwezi kufika chini ya saa saba hivi. Ukiongeza vijiji vyote vya njiani, mizani, chakula cha Korogwe na foleni za sikukuu, ni safari ya siku nzima. Kwa hiyo mtu anayesifia basi "linalowahi" anasifia basi linalovunja sheria akiwa na mtoto ndani.

Sasa tuhesabu upande wa mtoto. Basi likiondoka saa 12 asubuhi, familia inatakiwa kituoni saa 11 alfajiri. Mtoto anaamshwa saa 9 usiku. Wakifika Moshi saa 11 jioni, basi limesafiri saa 11, lakini mtoto ametimiza saa 14 tangu atolewe kitandani. Na safari haijaisha, kwa sababu bado kuna kupanda mlimani Rombo, Mwika au Machame. Hapo ndipo mama, watoto wawili na mabegi wanapopandishwa bodaboda moja kwa mtindo wa mishikaki, giza likiingia, na kila mtu amechoka. Mara nyingi kipande hiki kifupi ndicho cha hatari zaidi katika safari yote, na ndicho kisichopangwa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, nauli na usafiri wa kipande cha mwisho vipangwe kabla ya kuondoka. Mtu wa nyumbani aje kupokea, au itafutwe gari ndogo ya kuchangia na majirani. Pili, kama yupo ndugu Same, Mwanga au Moshi mjini, familia ilale hapo na kupanda mlimani asubuhi. Kulala njiani si kushindwa safari. Tatu, tarehe za msongamano mkubwa, hasa Desemba 22 hadi 24, ziepukwe kila inapowezekana. Siku hizo magari huwa machache kuliko abiria, na mabasi yasiyo ya njia hiyo hupewa vibali vya muda.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na wazazi wengine wanaona ni nafuu kwa kuwa mtoto atalala. Ni kweli mtoto atalala. Hata hivyo mzazi naye atalala, na mtoto aliyelazwa kwenye kiti bila mkanda huwa wa kwanza kurushwa dereva akikanyaga breki. Anayechagua usiku aamue kwanza nani atakesha. Treni nayo ni ya kufikiriwa: treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Ratiba iulizwe stesheni mapema. Mwendo wake si wa kasi, lakini mtoto anaweza kusimama na kunyoosha miguu.

3. Kiti cha mtoto

Hapa ndipo tunapobishana zaidi na akina baba katika semina. Nauli ya mtoto wa miaka mitatu inaonekana hasara kwa kuwa "anapakatika". Tufikiri kidogo. Basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Likisimama ghafla, kila kilichomo ndani kinaendelea na mwendo ule ule mpaka kizuiwe na kitu. Mtoto wa kilo 14 hawezi kushikiliwa na mikono ya mama wakati huo, hata mama awe na nguvu na upendo kiasi gani.

Kwa hiyo:

- Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe akatiwe kiti chake. Mkanda upite chini, juu ya nyonga, usipite tumboni.
- Mtoto mchanga anayepakatwa asifungwe ndani ya mkanda mmoja na mama. Gari likigonga, uzito wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mama afunge mkanda wake, mtoto awe nje ya mkanda, akishikwa vizuri kifuani. Si salama kamili, lakini ni afadhali kuliko kufungwa pamoja.
- Viti vya katikati ya basi vichaguliwe kabla ya vile vya mbele karibu na kioo au mlango.
- Kwenye gari dogo watoto wakae nyuma. Kiti maalum cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa.

Wapo wazee wanaotuambia, "Sisi tulisafiri juu ya malori ya kahawa na tumefika." Tunawaheshimu, na tunamshukuru Mungu kwamba wamefika. Lakini wale ambao hawakufika hawamo katika kikao hiki ili nao watoe ushuhuda.

Tunajua kiti cha pili ni fedha. Familia inayoanza kuweka kidogo kidogo tangu Januari, kwenye kibubu au kwenye VICOBA, inafika Desemba ikiwa nayo. Na kama fedha haitoshi kwa watoto wote, ni halali kuamua kwamba mwaka huu tutakwenda mwezi wa sita, au tutakwenda mwaka kesho. Babu na bibi wanataka wajukuu wazima.

4. Chakula, maji na tumbo

Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Hata kwenye joto la Segera hahitaji maji, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mama naye anywe maji ya kutosha. Akina mama wengi hujinyima maji ili wasisumbue basi kwa "kuchimba dawa", kisha maziwa yanapungua na mtoto analia njia nzima. Mama anayenyonyesha akiomba gari lisimame, abiria wenzake wamuunge mkono badala ya kuguna.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, chakula kikavu ni salama zaidi: ndizi mbivu, mkate, viazi vilivyochemshwa na maganda yake, yai lililoiva vizuri na kuliwa mapema. Uji au wali uliopikwa usiku hauwezi kukaa kwenye kopo hadi mchana. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, na kipande cha sabuni kiwe kwenye mkoba wa mama, si kwenye begi lililoko chini ya basi. Nepi, nguo moja ya kubadili, kanga, mfuko wa kutapikia na poti ndogo navyo vikae juu.

Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Wale kidogo kabla ya kupanda, wakae dirishani watazame mbali, na wasipewe simu ya kuchezea muda wote. Tunaonya kwa nguvu tabia ya kumpa mtoto dawa ya mafua au ya kuzuia kutapika ili alale. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo. Dawa yoyote itoke kwa mhudumu wa afya.

Pakiti mbili za ORS ziwe safarini daima. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na kinachobaki baada ya saa 24 kinamwagwa. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya na kula, na akifika kituo cha afya atapewa pia vidonge vya zinki. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri, hasubiri kufika nyumbani. Familia ishuke kwenye mji wa karibu wenye hospitali. Mizigo itafuatiliwa baadaye.

5. Homa, chandarua na kadi ya kliniki

Walio hatarini zaidi kwa malaria ni watoto wa chini ya miaka mitano, nao ndio sehemu kubwa ya vifo vya malaria barani Afrika. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Marangu au Lushoto hajajenga kinga, na akipelekwa kumtembelea shangazi pwani au kandokando ya Ziwa anaweza kuugua sana kwa muda mfupi. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kisafiri na mtoto. Mwenyeji asione kwamba amedharauliwa.

Tukumbuke pia kwamba malaria haionekani siku ile ile mbu anapouma. Huchukua siku saba au zaidi. Mtoto anaweza kurudi nyumbani mzima na homa ikaanza wiki ya pili. Mzazi amwambie mhudumu tulisafiri, wapi na lini, na aombe kipimo.

Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na nakala ya cheti cha kuzaliwa viwekwe pamoja kwenye mfuko usioingia maji. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Kama tarehe inaangukia likizo, mtoto apelekwe kliniki ya kijijini akiwa na kadi yake. Asipitwe na chanjo kwa sababu ya sikukuu.

6. Nani ameshika mkono wa nani?

Luka 2:41-52 inatupa habari ya wazazi waliosafiri mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto wao yuko kati ya ndugu na jamaa. Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili, na walimkuta siku ya tatu. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazembe. Walikuwa kwenye kundi kubwa la watu wanaofahamiana, ambako kila mmoja alidhani mwingine anamwona mtoto. Ndivyo watoto wanavyopotea hata leo, kwenye kituo cha mabasi au kwenye nyumba yenye sherehe.

Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina: "Wewe ndiwe wa huyu mpaka tufike." Katika kituo kikubwa kama kile cha Magufuli pale Mbezi, mtoto avae rangi inayoonekana, na karatasi yenye namba ya simu ya mzazi iwe mfukoni mwake. Mtoto anayeweza kusema afundishwe majina kamili ya wazazi wake, kwa maana "mama" na "baba" hazimsaidii askari. Mtoto mdogo asikabidhiwe konda wala abiria asiyejulikana ili "ashushwe Himo". Mtoto akipotea au akiwa katika hatari, polisi wapo kwa namba 112, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116.

Baada ya kufika, ulinzi hauishi. Nyumba ya babu ikijaa wageni, watoto hulazwa popote na yeyote. Wazazi waamue mchana nani atalala wapi, na watoto wasichanganywe na wageni watu wazima usiku. Mtoto wa mjini hajui mfereji wa maji, jiko la kuni wala ng'ombe mwenye ndama. Siku mbili za kwanza asiachwe peke yake.

7. Wajibu wa usharika

Tunaweza kuwafundisha wazazi mwaka mzima, lakini tukubali kwamba baadhi ya haraka hiyo inatokana na ratiba zetu. Usharika wa nyumbani ukipanga ubatizo wote siku ya Krismasi, na ukoo ukipanga kikao tarehe 26, familia yenye mtoto wa miezi minne italazimika kusafiri tarehe 23 pamoja na wote. Tunafahamu kwa nini inakuwa hivyo: ndiyo siku ndugu wote wapo. Hata hivyo, ubatizo unaweza kupangwa pia Jumapili ya kwanza ya Januari au Jumapili za mwanzo wa Desemba, na familia ikachagua. Tunaomba mabaraza ya wazee yalijadili jambo hili.

Aidha, tunapendekeza kwa kamati:

- Mwezi Novemba, sharika za mijini ziandikishe familia zenye watoto wadogo zinazosafiri, na zile zenye nafasi ya kusaidia. Mama anayetangulia na watoto wawili kwa sababu baba anabaki kazini hadi tarehe 24 apangwe basi moja na washarika wanaofahamika usharikani.
- Sharika zilizo kando ya barabara kuu zitenge chumba kimoja chenye chandarua, maji na choo safi kwa familia itakayokwama au yenye mtoto mgonjwa.
- Kila sanduku la huduma ya kwanza la usharika liwe na ORS, sabuni na kipimajoto.

Kwa wafadhili wetu: mambo haya si mradi mkubwa, na hayatatoa jengo la kuweka bango. Ni vyandarua vichache, pakiti za ORS na muda wa walimu wa semina. Faida yake ni mtoto aliyefika.

Maswali ya kujadili katika kamati na vikundi

1. Katika usharika wetu, ni tarehe gani tulizopanga sisi wenyewe ambazo zinazilazimisha familia kusafiri wakati wa msongamano? Tunaweza kubadilisha ipi?
2. Katika familia, nani huamua siku na saa ya kuondoka? Je, yule atakayembeba mtoto huulizwa?
3. Esau alikubali kutangulia. Wakubwa wa ukoo wetu wanawezaje kuwa kama Esau kwa wenye watoto wachanga?
4. Kuna familia gani mtaani kwetu ambayo haitaweza kulipia kiti cha mtoto? Kamati ya diakonia ifanye nini kabla ya Desemba?

Kamati zitakazojadili somo hili tunaziomba zituandikie maamuzi yao, hasa kuhusu swali la kwanza, ili tuyaweke katika taarifa ya robo ijayo na sharika nyingine zijifunze. Tunawatakia safari njema, na watoto wote wafike.